Kizibo cha Muda

Usiku wa Jumatano maji ya Tororo
huja saa nane, bila hodi.
Bomba hukohoa kwanza, hutema kutu,
hutema hewa, hutema kutu tena,
nami naruka kitandani
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Hodhi letu ni la chuma, zito kuliko deni.
Liliachwa na mhandisi fulani wa reli
ambaye hata jina lake limetutoka.
Mnyororo wake umebaki, unaning'inia
bila kizibo:
mnyororo wa mbwa aliyekwisha kufa.

Hatuogi humo. Nani aogee chakula cha wiki nzima?
Humo mna chai ya Alhamisi,
mna maharagwe, mna sare za Nyafwono,
mna miguu ya wageni wa Jumapili,
na vyote hivyo vinakalia tundu moja
la upana wa kikombe cha kahawa.

Mama alikuwa na kizibo chake.
Soksi ya baba, ile iliyofiwa na mwenzake,
akaishindilia matambara, akaivisha kavera,
akafunga kwa uzi wa kushonea magunia.
"Ni cha muda," alimwambia kila aliyechungulia.
"Oketcho akirudi kutoka Kasese ataleta cha dukani."
Kasese ilikuwa kazi ya miezi mitatu.
Miezi mitatu ikazaa miaka kumi na mmoja.
Kavera ilibadilishwa, uzi ulibadilishwa,
matambara yalioza yakaletwa mengine.
Soksi ni ile ile. Na neno ni lile lile.

Usipoziba ufa, wanasema, utajenga ukuta.
Sawa.
Ila sijasikia wakisema lolote juu ya tundu
lililotobolewa makusudi, likapimwa,
likavishwa pete ya shaba,
tundu ambalo kazi yake ndiyo hiyo, kupoteza.

Leo Mama yuko Mbale, amelala kwa dada yangu,
na kavera imepasuka.
Saa nane na dakika tano.
Najaribu kisigino: kinatosha kabisa,
lakini mimi mwenyewe nitatosha mpaka lini?
Najaribu kokwa la parachichi:
linakaa kwa adabu dakika moja,
halafu linageuka ubavu, limechoka.
Najaribu bonge la ugali wa jana
ndani ya kitambaa. Ugali unalainika,
unakumbuka kwamba ulikuwa unga,
unakwenda zake.

Nyafwono amesimama mlangoni,
shuka mabegani, miaka tisa,
na elimu yote ya dunia:
"Weka mfuniko wa mkebe wa siagi, shangazi.
Ulaze tu. Usiusukume."

Mfuniko wa plastiki!
Mwembamba, mwepesi, hata pumzi ingeupeperusha.
Naulaza. Siuamini.
Maji yanafika, yanataka kupita,
na kwa kule kutaka kupita yanaukandamiza;
kadiri yanavyosongamana kuondoka
ndivyo yanavyojifungia mlango.
Halipotei tone.
Labda moja, la heshima.

Tukakaa ukingoni, mimi na yeye,
miguu yetu juu ya sakafu baridi,
tukiangalia maji yakipanda,
mekundu kidogo, kisha meupe,
hadi kwenye ule mstari wa kutu
uliochorwa na wiki zote zilizopita.
"Bibi atafurahi," alisema.
Sikumjibu. Nilikuwa na soksi mkononi,
nzito, imelowa, na kisigino chake
bado kina umbo la mguu wa mtu.

Nilitoa matambara, moja baada ya jingine.
Nikaifua kwa sabuni ya mche,
nikaikamua taratibu,
nikaianika kwenye mnyororo.
Inadondosha maji mpaka sasa:
tone, halafu kimya kirefu, halafu tone,
ndani ya hodhi lililojaa.